Uzi: Sindano ya VVU ya kila miezi miwili na wazee wetu wa Nyanza na Magharibi, nani inamfaa na nani asubiri kwanza

Bandiko la 1: Muuguzi wa Nyando

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya CCC, yaani kituo cha huduma kwa wanaoishi na VVU, kaunti ya Kisumu, na sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia wamekwisha kuvuka miaka 50, umri ambao watafiti wa VVU huuhesabu kuwa mwanzo wa uzee kwa sababu mwili ulioishi na virusi kwa miaka mingi hupata mapema maradhi ya moyo, figo na mifupa. Wengi wao walianzishiwa stavudini, lamivudini na nevirapini nyakati zile ambapo kituo chenye dawa kilikuwa cha kutafutwa. Baadaye wakahamishiwa tenofoviri na efavirenzi, na sasa wanameza TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri.

Julai 2025, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sindano ya muda mrefu ya kabotegraviri na rilpivirini itumike kama njia nyingine ya matibabu kwa watu wazima na vijana ambao tayari wamedhibiti virusi kwa vidonge na hawana homa ya ini aina ya B. Tangu habari hiyo isambae redioni na katika makundi ya WhatsApp, hakuna siku ya kliniki inayopita bila mzee kuniuliza sindano itafika lini na kama naye atapewa. Katika vituo vyetu vya umma TLD bado ndiyo dawa ya kawaida, na sindano hii haijawa dawa ya kuingia dirishani na kuiomba. Hata hivyo naona ni vyema tuizungumze sasa, kabla haijafika, kwa sababu maandalizi yake yanaanzia kwenye faili la mgonjwa, na mafaili ya wazee wetu yana mambo mengi.

Niutangulize msimamo wangu. Sindano hii inafanya kazi, na mzee ana haki ya kuipata kama mtu mwingine yeyote. Umri peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima wala ya kumharakisha. Kinachoamua ni historia ya dawa alizowahi kumeza, ini lake, dawa nyingine anazotumia, na kama anaweza kufika kliniki kila tarehe aliyopangiwa mwaka baada ya mwaka.

Kwa wasioijua, ni dawa mbili zinazochomwa siku moja katika misuli ya makalio, kwa kawaida moja kila upande. Kipimo cha kila miezi miwili ni miligramu 600 za kabotegraviri na miligramu 900 za rilpivirini, na kila dawa ina ujazo wa mililita 3, kiasi ambacho si kidogo kwa msuli wa mtu aliyekonda. Awamu mbili za kwanza za sindano hupishana mwezi mmoja, kisha zinafuata kila baada ya miezi miwili. Marekani iliidhinisha matumizi ya kila mwezi Januari 2021, kisha ya kila miezi miwili mwanzoni mwa 2022, kwa jina la Cabenuva.

Ushahidi wa Afrika upo, na sehemu yake imetoka jirani kabisa. Utafiti wa CARES ulishirikisha watu 512 wa Uganda, Kenya na Afrika Kusini, na Eldoret ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Baada ya wiki 48, asilimia 96.9 ya waliochomwa sindano walikuwa na virusi chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu, na miongoni mwa waliobaki kwenye vidonge ilikuwa asilimia 97.3. Kwa maneno mengine, sindano haikushindwa na vidonge. Jambo hilo lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu wengi wa washiriki walikuwa wamewahi kutumia dawa za jamii ya nevirapini na efavirenzi, na rilpivirini ni ya jamii hiyo hiyo. Hofu ya wataalamu ilikuwa kwamba usugu, yaani virusi kuzoea dawa, uliobaki kutokana na dawa hizo za zamani ungeiangusha rilpivirini. Haikutokea hivyo kwa kiwango kilichohofiwa.

Lakini tusome na pembeni. Umri wa kati wa washiriki wa CARES ulikuwa miaka 42. Katika tafiti za awali za kimataifa, yaani FLAIR, ATLAS na ATLAS-2M, waliofikisha miaka 50 na zaidi walidhibiti virusi sawa na wenzao wadogo, ila waliofikisha 65 walikuwa wachache mno, na maelezo rasmi ya dawa yenyewe yanakiri hivyo. Jambo hili linanisumbua kwa sababu si mara ya kwanza wazee wetu kuachwa nje ya hesabu. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018, ule uliotupa takwimu za maambukizi ya VVU za asilimia 19.6 kwa Homa Bay, 17.5 kwa Kisumu na 15.3 kwa Siaya, uliishia kwa watu wa miaka 64. Bibi wa miaka 71 anayekaa mbele yangu kila kliniki hayumo katika asilimia hizo.

Sasa nije kwenye homa ya ini aina ya B, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuumia. Ndani ya TLD, tenofoviri na lamivudini hufanya kazi mbili kwa pamoja: huzuia VVU na huzuia pia kirusi cha homa ya ini B. Mgonjwa anaweza kuishi miaka 15 na kirusi hicho bila kujua, kwa kuwa dawa ya VVU ilikuwa imekilaza. Kabotegraviri na rilpivirini hazikigusi kabisa. Ukimhamisha mtu huyo kwenye sindano bila kumpima, kirusi cha ini kitaamka, na ini la mzee likivimba ghafla linaweza kumuua. Kwa hiyo yeyote anayeitamani sindano hii aulize leo: je, faili langu lina majibu ya kipimo cha homa ya ini B, na yaliandikwa lini?

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri nijuavyo, na wenye ujuzi zaidi watanisahihisha.

Bandiko la 2: Binti wa Khayega

Dada muuguzi, asante sana kwa kutuletea jambo hili kwa lugha inayoeleweka. Mimi ninamtunza mama yangu hapa Kakamega. Ana miaka 67, ameishi na virusi tangu nikiwa shule ya msingi, na ana kisukari na presha pia.

Mama hajawahi kuwaambia wakwe zake. Akirudi kutoka kliniki, kitu cha kwanza ni kuvitoa vidonge kwenye kopo, kwa sababu kopo likitikiswa hulia na kila Mkenya anaujua mlio ule. Kisha huvifunga kwenye pindo la leso na kulificha kopo hadi atakapopata nafasi ya kulitupa shimoni. Wajukuu wanalala naye chumba kimoja, na usiku akisubiri walale ndipo ameze, mara nyingi usingizi humchukua yeye kwanza. Siku hizi pia amekuwa msahaulifu. Kuna asubuhi ameniuliza mara mbili kama alikunywa dawa, nami sikuwa na la kumjibu.

Mbali na TLD anatumia metformini ya kisukari, vidonge viwili vya presha, na kalsiamu aliyoshauriwa na mwenye duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mifupa. Nikisoma habari za sindano, naona ni kama Mungu ametukumbuka. Je, mtu kama mama anaweza kuwa wa kwanza kwenye foleni?

Bandiko la 3: Muuguzi wa Nyando

Binti wa Khayega, pole kwa mzigo wa kumtunza mama, na hongera kwa kumfuatilia kwa makini kiasi hicho. Kwa jinsi ulivyomweleza, mama yako ni wa aina ile ambayo sindano inaweza kumsaidia kweli. Mtu anayelazimika kujificha ili ameze dawa, na ambaye kumbukumbu inaanza kumtoka, ananufaika anapopata dawa mbele ya muuguzi, ikaandikwa kwenye faili, na nyumbani pasiwe na kopo la kuficha. Upo pia utafiti wa IMPALA, uliofanywa Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 540 waliokuwa wamewahi kupata shida ya kufuata vidonge, na matokeo yake, yaliyotolewa Kigali mwezi ule ule wa Julai 2025, yalionyesha kwamba sindano haikuwa duni kwa vidonge hata kwa watu hao.

Ipo nafuu nyingine kwa wazee ambayo watu hawaitaji sana. Tenofoviri iliyomo katika TLD inaweza kuchosha figo na kupunguza uimara wa mifupa, na mtu mwenye kisukari na presha tayari figo zake ziko hatarini. Sindano haina tenofoviri. Kwa mgonjwa ambaye vipimo vya figo vinaanza kushuka, hilo si jambo dogo, ingawa daktari anaweza pia kumbadilishia vidonge vingine visivyo na tenofoviri bila kungoja sindano.

Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri sindano, na naomba uyashughulikie wiki hii. Dolutegraviri huongeza kiwango cha metformini katika damu, na ndiyo maana mtu anayetumia TLD kwa kawaida hapaswi kuzidisha miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Tazama kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake ya kliniki ya sukari, kwa sababu mara nyingi waliomwandikia metformini hawakuona faili la CCC. Pili, kalsiamu huishika dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Ama ameze TLD angalau saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake, au ameze vyote viwili pamoja na chakula. Hali kadhalika dawa za kupunguza asidi zenye aluminiamu au magnesiamu, na zile za kuongeza damu zenye madini ya chuma, zinahitaji kutenganishwa na TLD. Nimeona wazee ambao virusi vilipanda na kila mtu akadhani wameacha dawa, kumbe walikuwa wakimeza kila kitu kwa mkupuo mmoja asubuhi kwenye chai.

Kuhusu usahaulifu, tafadhali mwombe tabibu amchunguze. Unaweza kutokana na umri, sukari inayoshuka, huzuni, au virusi vyenyewe kuathiri ubongo, na kila chanzo kina tiba yake. Sindano ikifika na sababu ya usahaulifu haijajulikana, tutakuwa tumetatua sehemu moja tu ya shida.

Bandiko la 4: Mwalimu Mstaafu wa Njoro

Nimesoma kwa makini, na ninamshukuru muuguzi. Naomba niseme upande wa pili, si kwa kubisha, bali kwa sababu naona vijana wameshaifanya sindano kuwa jibu la kila mzee.

Nina miaka 63 na nimekuwa kwenye dawa tangu 2005. Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo kwa muda mrefu sasa. Kliniki ninayoenda Nakuru inanipa TLD ya miezi sita kwa mara moja, kwa hiyo kwa ajili ya VVU ninaonekana pale mara mbili kwa mwaka. Nikihamia sindano, kwa ratiba aliyoieleza muuguzi, mwaka wa kwanza nitatakiwa kufika mara saba, na kila mwaka unaofuata mara sita. Mwenye gari mjini anaweza kuona ni sawa tu. Mzee anayeishi ndani huko Mau Narok au Kuresoi, ambaye hulipa bodaboda hadi barabarani na kisha matatu, atalipia safari tatu kwa kila moja aliyokuwa akiilipia. Mwenye miaka 70 aliyesajiliwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za wazee, anapokea shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpigie hesabu.

La pili ni langu binafsi. Miaka michache iliyopita nilipata damu kuganda mguuni, na hadi leo ninameza warfarini. Tangu hapo nimeambiwa nisichomwe sindano za msuli ovyo. Je, mtu kama mimi ana nafasi katika mpango huu, au nibaki na vidonge vyangu kwa amani?

Bandiko la 5: Muuguzi wa Nyando

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ya safari ndiyo hoja nzito kuliko zote katika uzi huu, na nakubaliana nawe kabisa. TLD ya miezi sita kwa mtu anayeimeza vizuri, isiyomletea madhara na asiye na haja ya kujificha, ni matibabu bora, na bei yake duniani tangu 2023 imeshuka chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Yeyote asikubali kushawishiwa kwamba vidonge vimepitwa na wakati.

Hata hivyo nitaongeza jambo moja kwenye hesabu yako. Wazee wengi wenye VVU tayari wanakuja hospitali kila mwezi au kila miezi miwili kwa ajili ya presha na sukari, kwa kuwa dawa hizo hazitolewi za miezi sita, na mara nyingi huzinunua wenyewe. Kwa mtu huyo, ratiba ya miezi miwili haimwongezei safari hata moja endapo sindano, kipimo cha presha na dawa za sukari vitafanywa siku moja, chini ya paa moja. Endapo vitabaki siku tofauti katika milango tofauti, sindano itakuwa mateso. Mpango wa AMPATH ulioanzia Eldoret mwaka 2001 kwa ajili ya VVU ulikuja kuongeza huduma za presha na kisukari, kwa hiyo jambo hili si ndoto huku Magharibi. Na tangu ufadhili wa Marekani ulipositishwa Januari 2025, huduma nyingi za CCC zimekuwa zikiunganishwa na za wagonjwa wa nje kwa lazima ya fedha. Mimi nimehuzunika kuwaona wenzangu wakipoteza kazi, na sitasema kwamba ilikuwa heri. Ila kwa kuwa kuunganisha kumekwisha kuanza, natamani sana kufanywe kwa namna itakayomfaa mzee, yaani faili moja, tarehe moja na foleni moja.

Kuhusu warfarini, tahadhari uliyopewa ni ya kweli. Hizi ni sindano za ndani ya msuli, sindano ndefu, mililita 3 kila upande, na mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kuvujia damu ndani ya msuli. Katika nchi zinazoitumia, wapo madaktari wanaoikubali kwa mgonjwa ambaye vipimo vyake vya damu vimetulia, baada ya kupima faida na hatari. Kwako wewe, ambaye virusi havionekani na vidonge havikusumbui, sioni faida itakayozidi hatari hiyo. Baki na TLD yako, Mwalimu, na usihisi kwamba umeachwa nyuma.

Na kwa wale walioishi miaka mingi na stavudini, kuna jambo la kutazamwa kwa macho kabla ya karatasi. Dawa ile iliwapunguzia wengi mafuta ya mashavu, mikono na makalio, na uzee nao umekula msuli. Muuguzi anatakiwa kumlaza mgonjwa ubavu, ashike nyonga, atafute sehemu ya pembeni ya kalio yenye msuli wa kutosha, na asipoupata asilazimishe. Kwa mtu mnene kinyume chake ni kweli: sindano ya kawaida inaweza kuishia kwenye mafuta, kwa hiyo inatumika iliyo ndefu zaidi. Unene huo, mtu akiwa na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 au zaidi, ukikutana na usugu wa zamani kwa rilpivirini au na aina fulani ya kirusi, huongeza uwezekano wa dawa kushindwa.

Bandiko la 6: Mfamasia wa Kisumu

Nashukuru kwa mjadala huu. Nitaongeza ya upande wa stoo, ambayo huwa hayasemwi hadharani.

Rilpivirini ya sindano lazima ihifadhiwe kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Kabla ya kuchoma, chupa hutolewa, ikakaa angalau dakika 15 ili ipoteze ubaridi, ikatikiswa kwa nguvu sekunde 10 hadi dawa ionekane imechanganyika sawasawa, na haitakiwi kukaa nje zaidi ya saa sita. Zahanati nyingi zina friji ya chanjo, kwa hiyo tusiseme haiwezekani, lakini friji hiyo ina chanjo za watoto, na umeme wa vijijini tunaujua. Kwa maoni yangu, mahali pa kuanzia ni hospitali za kaunti ndogo zenye jenereta, huku usafiri wa wazee ukifikiriwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza.

Jambo la pili ni kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya TB, huisukuma kabotegraviri na rilpivirini kutoka mwilini kwa kasi hadi kiwango kisitoshe kuzuia virusi. Kuzitumia pamoja hakuruhusiwi. Mgonjwa wa TLD akipata TB, tunamwongezea dolutegraviri ya jioni na kazi inaendelea. Wa sindano hana njia rahisi kama hiyo. Itabidi arudishwe kwenye vidonge. Katika eneo letu, ambako TB haijaisha na ambako mzee anaweza kuwa nayo bila kukohoa sana, kila anayetaka sindano achunguzwe TB kwanza. Katazo hilo linahusu pia karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, dawa za kifafa ambazo wazee waliopata kiharusi huweza kuwa nazo.

La tatu ni mkia wa dawa. Kidonge ukikiacha, baada ya siku chache kimeisha mwilini. Hizi zinaweza kubaki kwa mwaka mmoja au zaidi baada ya sindano ya mwisho, kwa kiwango kinachopungua polepole. Kiwango hicho kidogo hakitoshi kuzuia virusi lakini kinatosha kuvifundisha usugu, na usugu wa kabotegraviri unaweza kuigusa hata dolutegraviri, ambayo ndiyo tegemeo la nchi nzima. Kwa hiyo anayeacha sindano lazima aanze vidonge kamili kabla miezi miwili haijaisha tangu sindano ya mwisho. Tarehe ina nafasi ya siku saba kabla na siku saba baada. Mafuriko ya Nyando yakikata barabara, siku saba hupita haraka, na ndiyo maana kila mgonjwa wa sindano anapaswa kuwa na vidonge vya akiba nyumbani pamoja na namba ya kituo.

Kuhusu upatikanaji, Julai 2025 ViiV Healthcare, kampuni yenye kabotegraviri, na Medicines Patent Pool, shirika linaloshughulikia leseni za dawa, walipanua leseni ya dawa hiyo, ambayo awali ilihusu kinga tu, yaani kuzuia maambukizi, ili watengenezaji wa jeneriki, dawa zile zile za bei nafuu, waweze kuitengeneza kwa matibabu pia. Rilpivirini, ambayo ni ya Johnson & Johnson, ni suala lingine, na bila hiyo kabotegraviri peke yake haitibu.

Bandiko la 7: Jirani wa Bondo

Naomba kuuliza. Hapa kwetu watu wanazungumzia sindano ya mara mbili kwa mwaka. Kwa nini tuwahangaishe wazee na ya miezi miwili ilhali ipo ya miezi sita?

Bandiko la 8: Mfamasia wa Kisumu

Swali muhimu, kwa sababu mkanganyiko huu unaweza kuleta madhara. Ile ya miezi sita ni lenakapaviri, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo. Inayosemwa sana sasa ni ya kinga, kwa watu ambao hawana VVU, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kinga huko huko Kigali. Katika matibabu, Marekani iliiidhinisha Desemba 2022 kwa jina la Sunlenca, ila kwa wenye virusi sugu kwa dawa nyingi, na lazima iambatane na dawa nyingine. Mtu mwenye VVU akichomwa lenakapaviri peke yake na kuacha TLD, virusi vitapata usugu. Tafadhali mwambie kila unayemjua: mwenye VVU asiache vidonge vyake kwa sababu ya sindano aliyoisikia ikitangazwa kwa ajili ya kinga.

Bandiko la 9: Binti wa Khayega

Narudi na majibu. Mama alipimwa homa ya ini B na hana. Metformini aliyoandikiwa ilikuwa miligramu 1,000 mara mbili kwa siku. Tabibu ameipunguza na kuongeza dawa nyingine ya sukari, na kalsiamu sasa anaimeza pamoja na TLD wakati wa chakula cha mchana, mimi nikiwa naye. Kipimo cha virusi kimechukuliwa. Wamesema pia hajawahi kupata dawa ya kuzuia TB, na wanataka kumwanzishia ile ya mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Je, akubali, au itamharibia nafasi ya sindano?

Bandiko la 10: Muuguzi wa Nyando

Akubali bila kusita. Ile ya kila wiki ina rifapentini, ndugu wa rifampisini, na haiwezi kutumiwa pamoja na sindano, lakini na TLD inakwenda vizuri kwa mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa, kwa hiyo wasubiri kwanza majibu ya kipimo alichochukuliwa. Aimalize sasa akiwa bado kwenye vidonge, na sindano itakapopatikana, wiki chache baada ya kumaliza zitatosha mwili kuisafisha rifapentini. Kwa kuwa hana homa ya ini B, omba pia apewe chanjo yake, kwa sababu siku akiiacha tenofoviri atakuwa amepoteza ngao aliyokuwa nayo bila kujua.

Waombe waandike kwenye faili dawa zote alizowahi kutumia tangu mwanzo, pamoja na mwaka aliobadilishiwa kila moja. Kama kadi zake za zamani zimo sandukuni nyumbani, hata zilizochanika, zipeleke. Nevirapini aliyomeza 2007 na kipimo cha virusi kilichopanda 2012 ndivyo daktari atakavyovitafuta kwanza, na mara nyingi havimo kwenye kompyuta ya kliniki.